Maswali ya Wasomaji: Kambi ya kanisa na matembezi ya Oktoba kwenye White Mountains

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja: kikundi cha kanisa kimekodi kambi kaskazini mwa New Hampshire wakati majani yanabadilika rangi, na sasa kinataka kutoka kutembea. Saa zote humu ni za Kiswahili. Ila kwenye ratiba mtakayowapa vijana waliokulia Marekani andikeni 9:00 AM, maana ukiwaambia saa 3 watakuja alasiri.

Bwana asifiwe, wahariri. Tuko 42, watu wazima 24 na watoto 18. Tunafika kambini Lincoln Ijumaa usiku na kuondoka Jumatatu, wikendi ile ndefu ya Oktoba. Jumamosi tumepanga korongo la Flume Gorge, jabali la Artist's Bluff, barabara ya Kancamagus yote, mji wa North Conway, na treni ya Mount Washington, kisha turudi kwa ibada ya jioni. Inawezekana?
*Mratibu wa vijana, Manchester*

Amina, ndugu. Haiwezekani. Hata mngekuwa wanne kwenye gari moja isingewezekana wikendi hiyo.

Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na ndiyo wikendi yenye msongamano kuliko zote katika milima hii. Kancamagus ni kilomita 55 kutoka Lincoln hadi Conway. Siku ya kawaida unaipita kwa saa moja na kidogo bila kusimama. Wikendi hiyo maegesho yanajaa kabla ya adhuhuri, watu wanaegesha pembeni ya barabara, na mwendo unakuwa wa kusogea na kusimama.

Halafu kuna hesabu ambayo waratibu wengi huisahau, nayo ni ya choo. Vituo vya Kancamagus vina vyoo vya shimo, aghalabu viwili. Watu 42, dakika mbili kila mmoja, vyoo viwili: dakika 42 zimekwenda na maporomoko hamjayaona. Ongezeni kushuka, kuhesabu watu, kumtafuta anayepiga picha, kupanda tena. Kila mnaposimama na kikundi cha ukubwa huo, tengeni saa nzima. Mkiona vituo vitano kwenye ratiba, mjue ni saa tano kabla ya kuhesabu mwendo wa gari.

Na jua haliwasubiri. Karibu na tarehe 10 Oktoba linazama kama saa 12 na dakika 10 jioni, lakini kwenye mabonde membamba kama Franconia Notch kivuli cha mlima huwafikia mapema zaidi, na baridi huja nacho. Anayepanga kambi ya Novemba ajue kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa zinarudishwa nyuma, na giza linaanza kuingia saa 11 jioni.

Sisi tungepanga hivi: Jumamosi asubuhi Flume, chakula cha mchana kambini, alasiri nusu ya Kancamagus. Jumapili baada ya ibada, shamba la matufaha. Basi. Jumatatu pakieni mizigo na mwondoke kabla ya saa 4 asubuhi, kwa sababu mchana barabara ya I-93 kuelekea kusini hujaa kila mtu anayerudi kazini Jumanne.

Flume kwanza. Ni korongo la asili lenye urefu wa mita 240 hivi, kuta za matale zinapanda mita 21 hadi 27, na upana ni kama mita 4 hadi 6 tu. Mnapita katikati yake kwenye njia ya mbao iliyofungwa ukutani, maji yakipita chini ya miguu. Kwa mujibu wa historia ya hapo, aliyeligundua mwaka 1808 ni bibi wa miaka 93, Jess Guernsey, akiwa katika kuvua samaki. Waambieni hivyo watoto watakaolalamika kwamba wamechoka. Mzunguko wote ni kilomita 3.2 na huchukua saa moja na nusu. Tiketi zina saa maalumu na hununuliwa mapema kwenye intaneti. Msitegemee dirishani wikendi hiyo. Nunueni kwa makundi mawili ya watu 21, moja la saa ya kwanza kabisa asubuhi na jingine nusu saa baadaye. Watu 42 kwa pamoja kwenye njia ile ya mbao huziba, wageni wengine hukasirika, na kiongozi aliye mbele hajui nani yuko nyuma. Msimu wa Flume hufungwa ndani ya Oktoba, kwa hiyo kambi ya mwisho wa mwezi iulize kwanza.

Alasiri mwondoke Lincoln saa 7. Jazeni mafuta hapo hapo mjini: kilomita zote 55 za Kancamagus hazina kituo cha mafuta hata kimoja. Simu nazo hupoteza mtandao sehemu kubwa ya njia. Pakueni ramani kabla, na kila dereva apewe karatasi yenye majina ya vituo kwa mfuatano pamoja na saa ya kuondoka kila kituo. Redio ndogo za mkononi zisizohitaji leseni husaidia magari yakiwa karibu, ila mlima ukiingia kati hazisikiki. Pandeni hadi kilele cha barabara, mita 870 hivi, msimame mahali pamoja pa kutazamia bonde, kisha mteremke hadi Sabbaday Falls, kama kilomita 32 kutoka Lincoln. Kutoka maegesho hadi majini ni mwendo wa dakika kumi na kidogo. Kisha mgeuze. Baadhi ya maegesho ya msitu hutoza dola 5 kwa gari kwa siku, mnatia kwenye bahasha na kuitumbukiza sandukuni, kwa hiyo kila dereva awe na noti ya dola 5 isiyohitaji chenji.

Artist's Bluff waachieni vijana wachache, magari mawili, wafike saa 1 asubuhi. Njia ni ya mawe, majani yaliyolowa juu ya matale huteleza kama sabuni, na maegesho ni machache. Anayeegesha kando ya barabara kuu pale anaweza kukuta gari limevutwa.

Mkiweza kubadilisha tarehe, wikendi moja kabla ya hiyo ya sikukuu ni bora. Rangi huanza juu milimani mwisho wa Septemba na kushuka mabondeni hadi katikati ya Oktoba. Wikendi moja mapema hampotezi kitu cha maana, na foleni hupungua sana.

Kanisa lina gari la viti 15. Dereva wetu mzoefu hatakuwepo. Kijana wa miaka 22 aendeshe? Na mizigo tuifunge juu ya paa?
*Mzee wa kanisa, Portland, Maine*

Shikamoo mzee. Kwanza sheria: leseni ya biashara, ile CDL yenye kibali cha abiria, inahitajika kuanzia gari lililotengenezwa kubeba watu 16 pamoja na dereva. Gari la 15 huendeshwa kwa leseni ya kawaida. Lakini bima ni jambo jingine. Bima nyingi za makanisa na kampuni nyingi za kukodisha magari hutaka dereva awe na miaka 25 au zaidi. Mpigieni wakala wa bima, mtajieni jina la kijana, mpate jibu kwa maandishi. Ajali ikitokea na dereva hayumo kwenye bima, deni ni la kanisa.

Mizigo juu ya paa, hapana kabisa. Magari haya ni marefu, na viti vya nyuma vimepita mbali ekseli ya nyuma. Ukilijaza, uzito unapanda juu na kurudi nyuma, na dereva akikata kona ghafla mkia unatangulia. Utafiti wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ulionyesha kwamba likiwa na watu 10 au zaidi, uwezekano wa kupinduka katika ajali ya gari peke yake ni karibu mara tatu ya likiwa na wachache. Kwa hiyo pakieni watu wasiozidi 10, mjaze viti vya mbele kwanza, kiti cha mwisho kibaki kitupu, na mizigo iende kwenye gari jingine.

Upepo wa magurudumu upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya mlango wa dereva, na mara nyingi magurudumu ya nyuma yanataka upepo mwingi kuliko ya mbele; wengi hujaza yote sawa na hilo ni kosa. Joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo hupungua kama psi moja, kile kipimo kilichoandikwa kwenye stika. Gari lililopimwa Agosti litafika milimani Oktoba likiwa limepungukiwa.

Kuteremka kutoka kilele cha Kancamagus, dereva aweke gia ndogo mapema, kabla mteremko haujaanza. Akikalia breki njia nzima zitapata moto, mtasikia harufu ya kuungua, na pedali italainika. Hapo ni kusimama mahali salama na kusubiri zipoe.

Mikanda: New Hampshire haiwalazimishi kisheria watu wazima kufunga. Nyinyi fungeni. Mtoto chini ya miaka 7 asiyefikia kimo cha sentimita 145 lazima awe kwenye kiti chake cha gari, na kiti hicho hakitoki hewani siku ya safari. Orodhesheni wiki mbili kabla ni viti vingapi vinahitajika.

Mwisho, msiendeshe usiku bila sababu. Moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ana kimo cha farasi, rangi yake ni nyeusi-kahawia, na macho yake yako juu ya mwanga wa taa, hivyo hayang'ai kama ya wanyama wengine. Akigongwa, miguu hukatika na mwili huingia kwa kioo.

Nahusika na jiko. Nataka watu 42 wale pilau njiani, siyo mkate na jibini. Nipike lini, na litakaaje moto?
*Mama wa jikoni, Worcester*

Mama, hoja yako tunaiunga mkono. Kwa watu hao, 18 wakiwa watoto, kilo 5 za mchele na kilo 4 za nyama zinatosha pamoja na kachumbari na ndizi mbivu. Pika asubuhi ileile. Kosa kubwa tunalolisikia ni kupika usiku na kuliacha pilau ndani ya sufuria juu ya jiko "kwa kuwa nje kuna baridi". Katikati ya sufuria ya kilo 5 joto hukaa kwa saa nyingi, na kuna bakteria wa mchele ambaye mbegu zake hupona hata baada ya kuchemshwa. Zikiamka hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukilipasha moto asubuhi. Ndiyo maana watu hutapika baada ya kula chakula kilichokuwa cha moto kabisa. Ukilazimika kupika usiku, litandaze kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, liingie kwenye friji likiwa bado linatoa mvuke kidogo.

Kulisafirisha: chukua boksi la plastiki la kuwekea barafu, lijaze maji yaliyochemka, funga kwa nusu saa, kisha mwaga. Pilau liwe limetoka jikoni sasa hivi, sufuria imejaa hadi karibu na mfuniko (sufuria iliyojaa nusu hupoa upesi). Funika kwa karatasi ya foili, weka mfuniko, zungushia taulo mbili, tumbukiza, jaza mapengo kwa taulo nyingine. Usifungue njiani kuonjesha mtu, hata mchungaji. Beba kipimajoto cha chakula: wakati wa kupakua, katikati pasipungue nyuzi 60. Likishuka chini ya hapo, hesabu saa mbili, zikipita, limwagwe.

Nyanya za kachumbari zikate kambini lakini chumvi na ndimu tia mezani, vinginevyo utapakua maji. Chai ibebwe ya rangi, maziwa na sukari pembeni.

Mkimaliza, kila punje iokotwe. Msimu huu dubu weusi wanakula mchana na usiku wajinenepeshe kabla ya kulala wakati wa baridi, na mfuko wa mifupa ya kuku ulioachwa mezani ni mwaliko. Sufuria na takataka zirudi ndani ya gari lililofungwa.

Bibi yetu anatumia kiti cha magurudumu, na akina mama watatu wana vigari vya watoto. Waende wapi wengine wakiwa Flume?
*Msomaji, Concord*

Flume ina ngazi nyingi. Kiti na kigari haviingii. Mtoto mdogo abebwe mgongoni kwa kitenge au kanga, na kwa hilo tuko mbele ya Wamarekani.

Bibi apelekwe ukingoni mwa Profile Lake, dakika chache kwa gari kutoka Flume. Pale ndipo watu walikuwa wakitazama Old Man of the Mountain, sura ya mzee iliyochongwa na maumbile juu ya jabali, mita 12 kutoka paji hadi kidevu. Ilianguka tarehe 3 Mei 2003, lakini bado imo kwenye alama za barabara za jimbo. Kuna nguzo za chuma zilizopindwa kwa ufundi: ukisimama kwenye alama ya kimo chako na kutazama jabali kupitia ncha ya nguzo, sura inarudi mahali pake. Watoto hulipenda hilo kuliko mlima wenyewe.

Upande wa North Conway kuna treni ya Conway Scenic, inayoondokea kwenye stesheni ya mwaka 1874. Wazee hukaa, dirisha linapita, hakuna anayechoka. Pigeni simu mapema kuuliza behewa lenye nafasi ya kiti cha magurudumu. Brosha za zamani zitawaelekeza kwenye gari la kamba la Cannon Mountain. Lile lilistaafishwa mwishoni mwa Oktoba 2025, msilitafute. Na daraja la mbao lenye paa la Albany, la mwaka 1858, ni zuri kupigwa picha, ila magari ya kimo kirefu hayapiti ndani yake. Someni kibao cha kimo kabla dereva hajaingia.

Familia tatu zimefika majuzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Hazijawahi kuona baridi ya milimani. Wavae nini?
*Kamati ya ukarimu, Manchester*

Mchana wa katikati ya Oktoba bondeni huwa kati ya nyuzi 10 na 15, usiku hukaribia kuganda. Nguo ziwe tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, sweta la sufu au flisi, na koti lisilopitisha upepo wala mvua. Jinzi ni nguo mbaya kuliko zote hapa. Ikilowa haikauki, na hunyonya joto la mwili siku nzima. Kitenge kivaliwe juu ya suruali ya joto, si badala yake. Kofia, glavu, na soksi jozi mbili kwa kila mtoto, moja ikae mfukoni mwa kiongozi. Viatu vya raba vyenye soli ya meno vinatosha kwa njia tulizotaja. Malapa yabaki kambini. Duka za mitumba za makanisa zina makoti mazuri Septemba, Oktoba yamekwisha.

Tunataka ibada ya nje msituni Jumapili, watu kama 80 pamoja na wageni, kwaya na ngoma. Tunahitaji ruhusa?
*Mwalimu wa kwaya, Lewiston*

Ndiyo. Kwenye ardhi ya msitu wa taifa, kikundi kisicho cha biashara chenye watu 75 au zaidi kinahitaji kibali. Ni bure, na ombi lifike si chini ya saa 72 kabla. Nyinyi lipelekeni mwezi mzima mapema, kwa kuwa mahali mnapopataka panaweza kuwa pamechukuliwa. Msijigawe 40 na 40 ili kukwepa. Na msiwapeleke wote kwenye maeneo yaliyotengwa kama pori asilia, kwa mfano Pemigewasset: huko kikundi hakizidishi watu 10.

Treni ya Mount Washington inafaa gharama yake?
*Msomaji, Nashua*

Ni ya mwaka 1869, ya kwanza duniani kupanda mlima kwa gurudumu la meno, na anayependa mitambo hatajuta. Kwa kikundi kikubwa, Oktoba, tunasita. Kilele kiko mita 1,917, na tarehe 12 Aprili 1934 upepo wa kilomita 372 kwa saa ulipimwa pale. Bondeni kukiwa na jua, juu kunaweza kuwa theluji na ukungu usioona mkono wako, na tiketi mmeshalipa. Fedha hizo zingelipia basi la shule na dereva wake kwa siku nzima. Nendeni Bretton Woods, mwone mlima kutoka chini.

Shamba la matufaha: tununue mifuko mingapi, na watoto wachumeje bila kuharibu?
*Mwalimu wa shule ya Jumapili, Portland*

Mpigieni mwenye shamba kwanza. Mashamba mengi hutaka kikundi kijiandikishe, na mengine hutoza kila anayeingia. Mfuko mdogo hubeba kama kilo 5, mkubwa kama kilo 10. Mfuko mmoja mdogo kwa watoto watatu unatosha. Mkimpa kila mtoto wake mtarudi na matufaha ya kuoza.

Tufaha halivutwi. Mtoto alishike kwa kiganja kizima, alinyanyue kuelekea juu huku akilizungusha kidogo, litabaki mkononi na kikonyo chake. Likigoma, halijaiva. Akilivuta chini, litatoka na kijiti chenye chipukizi la mwaka ujao, na matano ya jirani yataanguka. Kata moja mkaangalie mbegu: zikiwa za kahawia limeiva, zikiwa nyeupe bado. Yaliyo upande wa nje wa mti, yanayopata jua, huiva kabla ya yale ya ndani.

McIntosh hulainika upesi jikoni, ni ya rojo. Cortland ikikatwa haigeuki rangi haraka, ifae kwa saladi ya matunda ya kambi. Zisitumbukizwe mfukoni kwa kurushwa: lililopata jeraha huharibu yaliyo karibu ndani ya siku chache.

Na kabla ya kupanda gari, kagueni kupe. Watu hudhani wameisha na kiangazi, kumbe wale wakubwa wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme huwa wengi Oktoba na Novemba. Tazameni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Kwa wasichana waliosuka, pitisheni vidole katikati ya mistari. Aliyeganda mshikeni kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja juu bila kumzungusha. Msimpake mafuta wala kumchoma moto. Andikeni tarehe na mahali alipoganda, mmpe mzazi karatasi hiyo; homa au duara jekundu likitokea ndani ya mwezi, daktari ataiulizia.